Uniti Ishirini Ndani

Kila Jumatano saa mbili na nusu asubuhi Remmy alijifungua. Kwa hesabu yangu alijifungua mara ishirini na sita tangu Oktoba, mara zote ishirini na sita alitokwa na damu nyingi, na mara zote tulimwokoa.

Remmy ni mhudumu wetu wa leba, mwanaume wa miaka arobaini mwenye ndevu na watoto wanne. Tulimfunga tumbo la bandia kwa mikanda, akalala kitandani amejifunika khanga ya mkewe, akalia. Alilia vizuri kuliko wazazi wa kweli. Ndani ya tumbo lile mlikuwa na mtoto wa plastiki, kondo la nyuma la kitambaa, na mfuko wa maji mekundu ya choya ambao Remmy aliufungulia mwenyewe kwa kidole, kimyakimya, pale alipoona tumezubaa. Choya ile ilitia madoa shuka zetu zote, na mfuaji wa kituo hajanisamehe mpaka leo.

Mimi ni Severina, mkunga, miaka ishirini na minane kazini, na ndimi niliyekuwa msimamizi wa mazoezi hayo. Sikuuomba usimamizi. Agosti ile mama mmoja alitufia kwa damu, mimi nikiwa zamu. Kamati ilikaa, ikasema hakuna mzembe, ila kila mtu alifanya lake na hakuna aliyejua mwenzake amefanya nini. Ndipo akaletwa mkufunzi, dada mmoja mpole anayeitwa Leticia, akatukusanya siku tatu, akatuachia tumbo la bandia na fomu za kujaza kila wiki. Wakauliza nani mkubwa hapa kwa umri. Wakanitazama.

Leticia alitufundisha kitu kimoja ambacho kwanza nilikiona cha kitoto. Katika dharura kila kinachofanyika kitajwe kwa sauti, na mmoja wetu akae na kalamu aandike saa na dawa. Lakini huyo mwenye kalamu asiandike dawa mpaka aone kichupa kimevunjwa na ni kitupu. "Msiandike mlichosikia," alisema. "Andikeni mlichoona." Akatuachia boksi la vichupa vya oksitosini vilivyopitwa na muda, tuvivunje mazoezini. Oksitosini ndiyo sindano inayokaza kizazi baada ya mtoto kutoka, damu ikasimama. Bila hiyo, leba ni mahali pa kusali tu.

Tulianza vizuri. Oktoba, Novemba, Desemba, vichupa vilivunjika, ta, ta, viwili kila wiki, na Renatha akaviangalia akaandika. Renatha ndiye nesi wetu mdogo, ana miaka ishirini na minne, mzaliwa wa kijiji cha Mpitimbi, mwandiko wake kama wa masista. Hana maneno mengi. Akikusalimia shikamoo anapiga goti kidogo hata akiwa amebeba beseni.

Kisha nikachoka. Nalisema wazi maana sitafuti huruma ya mtu. Tulitakiwa kuwa wakunga watano, tulikuwa wawili na nusu, nusu akiwa mwenzetu aliyekuwa anasoma. Miguu yangu ilivimba mpaka nikanunua viatu vya mwanaume. Nikitoka zamu natembea hadi nyumbani Mfaranyaki, nikifika nakaa mlangoni kwanza, sina hata nguvu ya kufungua kufuli. Nilikuwa naota nakanda tumbo la mtu. Jumatano ikifika, nikiona lile tumbo la plastiki limening'inia ukutani, nilitamani kulichoma moto.

Februari boksi la vichupa likaisha. Vikabaki viwili. Nikasema hivi viwili hatuvunji, tutavitunza, tutasema tu. Nikawa natundika dripu ile ile ya zamani, navishika vile vichupa viwili mkononi, nasema kwa sauti, "Oksitosini, uniti ishirini ndani!" kisha navitia mfuko wa kifuani visipotee, maana Remmy alikuwa hodari wa kupoteza vitu. Zoezi la dakika ishirini likawa la dakika sita. Fomu ikajaa. Wageni wa mkoa wakaja, wakatusifu kwa kasi, na barua yao ya pongezi tukaibandika ukutani.

Ni Renatha tu aliyesumbua. Jumatano moja mwezi huo huo wa pili nilisema ishirini ndani, yeye kalamu ameisimamisha hewani.

"Mama, samahani," akasema. "Naomba kuona vichupa."

"Vipi?"

"Vya kuvunja vimeisha, lakini tunaweza kuvunja vya maji ya sindano. Vipo vingi stoo. Nione tu halafu niandike."

Usiku wa kuamkia siku ile nililala kwa muda wa saa tatu tu. Si sababu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Wewe Renatha," nikamwambia mbele ya wote, Remmy akiwa bado na tumbo lake, "mimi nilikuwa nazalisha kabla mama yako hajashika mimba yako. Leo unikague mimi? Nikisema nimeweka, nimeweka. Andika."

Remmy akacheka, kwa sababu nilisema kwa namna ya kuchekesha. Renatha akasema, "Samahani, mama," akaandika. Hakuomba kuona tena. Na mimi, mjinga, nikaona nimemfunza adabu.

Somoe alitufikia Aprili, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, akiwa na uchungu wa kutosha lakini hana papara. Alitoka vijiji vya Namtumbo wiki moja kabla, akakaa kwa dada yake hapa mjini kusubiri siku ya kujifungua, maana kwao mvua zilikuwa zimeharibu barabara. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mimba ya tatu, na hana mtoto. Mbili za kwanza hazikufika. Mumewe, Saleh, alikuja naye, mwanaume mwembamba mwenye vidole vilivyogeuka rangi kwa kufunga tumbaku. Walikuwa katikati ya kukausha, majani yameachwa bandani kwa ndugu, na bado alikuja.

"Sista," Somoe aliniambia kati ya uchungu mmoja na mwingine, "inshallah huyu akikaa, nitamletea mwenzake. Nimeshachoka kuitwa Somoe tu. Nataka kuitwa mama fulani."

Nikamwambia ataitwa. Maneno ya leba hayo, tunawaambia wote.

Mtoto alitoka saa tano kasoro dakika tano, msichana, akalia mwenyewe bila kuombwa. Renatha ndiye aliyempokea. Akamchoma mama yake sindano ya kwanza ya oksitosini pajani kama inavyotakiwa, kondo likatoka zima, tukalikagua. Somoe akamwangalia mtoto wake kifuani, akasema Alhamdulillahi mara tatu, akaanza kucheka na kulia pamoja. Nilikuwa nimeshageuka kwenda kunawa.

"Mama," Renatha akaita. "Njoo uone."

Nilijua kwa sauti. Shuka chini yake ilikuwa imelowa yote, na inaendelea. Niliweka mkono juu ya tumbo, nikatafuta kizazi, nikakuta laini kama ugali uliozidi maji.

"Dharura leba!" nikapiga kelele.

Na hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu tulikuwa wazuri. Hakuna aliyehangaika. Remmy alifika na toroli kabla sijafunga mdomo. Mtoto akapelekwa kwenye kitanda cha joto. Renatha akapata mshipa kwa sindano ya kwanza, kisha akachukua kalamu na karatasi, akasimama mahali pake pale pale pa Jumatano. Mimi nikaenda friji, nikatoa vichupa viwili vya oksitosini, vya kweli, vya baridi. Nikarudi, nikatundika dripu mpya, nikaifungulia.

"Oksitosini, uniti ishirini ndani!" nikasema.

Mkono wangu ukaenda mfuko wa kifuani.

Nilimwona Renatha akiutazama mkono ule. Alifungua mdomo kidogo, akaufunga. Nikadhani ni woga wa damu. Akaandika: saa tano na dakika tatu, oksitosini uniti ishirini kwenye dripu, mkunga Severina. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na mimi nilikuwa nimejizoeza kwa wiki kumi, nikiwa msimamizi, na fomu nikijaza mwenyewe.

Daktari wetu, Amedeus, alikuja akikimbia kutoka wagonjwa wa nje. Ni kijana wa Kimatengo, ana heshima, ana mikono mizuri, na hapendi kurudia swali. Akauliza nini kimefanyika. Renatha akamsomea kutoka kwenye karatasi. Ndiyo sababu karatasi ile ipo, ili daktari akiingia asipoteze muda.

"Vidonge vya chini ya ulimi?"

"Vimeisha tangu Jumatatu," Remmy akasema.

"Dawa ya kugandisha damu?"

"Amechomwa saa tano na dakika saba," Renatha akasoma, na hiyo kweli alichomwa, Renatha alimchoma mwenyewe.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepanda kibao kando ya kitanda, mkono mmoja ndani, mwingine juu ya tumbo, nakibana kizazi katikati. Kazi hiyo huwezi kuiacha. Ukiacha, damu inashuka. Dakika tano za kwanza mikono inauma, dakika kumi inawaka, baada ya hapo huisikii. Somoe alikuwa ameacha kucheka. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu, na alikuwa anauliza kitu kimoja tu, mtoto yuko wapi, mtoto yuko wapi. Remmy akamwambia yuko kwenye joto, analala, ana nywele nyingi.

Dripu ilishuka. Robo, nusu. Kizazi hakikukaza. Nilikuwa nakisubiri kikaze chini ya vidole vyangu kama mtu anavyosubiri hodi, na hakuna hodi.

Amedeus akatazama saa yake. Akanitazama.

"Mama, unahisi nini?"

"Laini."

"Sindano ya pajani imegoma, dripu imegoma," akasema, na aliongea taratibu kama mtu anayehesabu. "Siwezi kumngoja aishiwe. Tunamfungua. Kizazi kikikataa na huko, tunakitoa. Remmy, kaandae chumba cha upasuaji, kisha mwite mumewe asaini."

Somoe alisikia. Sijui alielewa kiasi gani, lakini alisema, "Kisitolewe," kwa sauti ndogo, kama anaomba mtu asimchukulie kiti chake.

Saleh akaja mlangoni. Hakuruhusiwa kuingia, akasimama pale na karatasi aliyopewa na Remmy, na kalamu, na vile vidole vyake vya tumbaku. Alikuwa anasoma neno kwa neno, midomo inacheza. Amedeus akamwelezea kwamba ni maisha ya mkewe kwanza. Saleh akatikisa kichwa kukubali. Akaitafuta sehemu ya kusaini.

Mimi nikajisogeza kidogo kubadilisha uzito, kifua kikagusa ukingo wa kitanda, na kitu kikagongana mfukoni. Sauti ndogo ya kioo na kioo.

Leo ni Alhamisi, nikawaza. Vichupa vya mazoezi viko kwenye droo. Nilivirudisha jana mwenyewe.

Watu husema katika hali kama ile damu inakuganda. Yangu haikuganda. Nilisikia uchovu tu, uchovu wa miaka yote ishirini na minane umenishukia mabegani kwa pamoja, na nikaelewa kila kitu bila haraka. Dripu inayomwingia yule dada ni maji matupu. Dawa haijagoma. Haijafika.

Na nikaona njia. Sitajisafisha, niliiona waziwazi. Ningeweza kusema, "Daktari, nina viwili vingine hapa mfukoni, tumwongezee." Hakuna ambaye angeuliza. Dawa ingeingia. Heshima yangu ingebaki, na zile Jumatano zote, na barua ya pongezi iliyobandikwa ukutani. Lakini Amedeus angehesabu arobaini. Angesema uniti arobaini na bado laini, hakuna cha kungoja, na angempeleka mezani hapo hapo, huku dawa iliyompasa robo saa nyuma ndiyo kwanza inaanza kutembea. Njia ya mwongo fupi, na ile yangu ingeishia kwenye kizazi cha Somoe.

"Daktari," nikasema. "Sikuweka."

"Nini?"

"Oksitosini ya dripu. Sikuiweka. Nilisema tu. Dripu hiyo ni maji matupu, vichupa viko mfukoni mwangu."

Saleh alikuwa mlangoni, alisikia. Remmy alikuwa nyuma yake, naye alisikia. Nilitamani mtu anitukane, ingekuwa rahisi, lakini mikono yangu ilikuwa ndani ya mtu na hakukuwa na muda.

"Renatha, ingiza mkono mfukoni mwangu uvitoe. Mimi siwezi kuachia."

Akaja. Alisema, "Samahani, mama," kwa mazoea, kabla ya kunigusa. Akavitoa vile vichupa, akavivunja. Ta. Ta. Katika chumba kile sauti hizo zilikuwa kubwa. Akavuta dawa, akaitia kwenye dripu mpya, akaitundika, akaifungulia, akaweka vichupa vitupu viwili juu ya trei mbele ya macho ya daktari.

Amedeus akavihesabu kwa kidole. Alimwambia Saleh, "Usisaini kwanza. Nipe dakika kumi," na alimwambia Remmy aendelee kuandaa chumba, tusije tukachelewa mara ya pili.

Nilibana. Renatha alitaja dakika kwa sauti. Mbili. Tatu. Nne. Nilikuwa nasali, lakini si sala ya maana, nilikuwa narudia tu jina la Mama Maria kama mtu aliyesahau sala iliyobaki. Dakika ya sita kitu kilijikunja chini ya mkono wangu. Kikalegea. Kikajikunja tena. Dakika ya nane kizazi kilikuwa kigumu kama embe bichi, na damu ikawa michirizi, kisha matone.

"Kimekaza," nikasema.

Amedeus akaja kukigusa mwenyewe. Hakuniamini, na alikuwa na haki. Akakandamiza, akangoja, akakandamiza tena. Kisha akaketi kwenye kibao changu, akavua kofia, akajifuta uso kwa mkono wa koti.

Mtoto akarudishwa kifuani kwa mama yake. Somoe alikuwa ametundikiwa damu, amechoka mno hata kumshika, Remmy akamshikia.

Kanuni ya mazoezi inasema baada ya dharura timu ikae chini, kila mmoja aseme lililokwenda vizuri na lililokwenda vibaya, bila kulaumiana. Mimi Jumatano kipengele hicho nilikuwa nakijaza peke yangu nikinywa chai. Siku hiyo nikawaita. Tukakaa kwenye chumba cha dawa, juu ya maboksi, sisi wanne. Amedeus akasema naye ana kosa, alipaswa kuuliza vichupa viko wapi. Remmy akasema yeye kosa lake ni kwamba alimwita mume mapema, jambo ambalo si kosa, lakini alitaka naye awe nalo. Ikafika zamu ya Renatha. Alikuwa anaangalia magoti yake.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hujavunja, mama. Sikusikia vikivunjika. Nilikuwa karibu yako."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Niliuliza kwa upole, nadhani. Sina hakika.

"Nilifikiri labda umevivunja kule kwenye friji. Nilifikiri mtu wa miaka yote ile hawezi kusahau." Akainua macho. "Na nilishasema, mama. Mwezi wa pili. Uliniambia nisikukague."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama anavyosoma karatasi yake. Nilimnyamazisha msichana mmoja kwa kichekesho, Jumatano, watu wakacheka, na wiki kumi baadaye alikaa kimya huku mtu anavuja damu mbele yake, kwa sababu nilimfundisha hivyo. Hilo ndilo zoezi pekee nililolifundisha barabara.

Baadaye akanifuata peke yangu na ile karatasi. "Mama, ukitaka naweza kuinakili upya," akasema bila kunitazama. "Daktari bado hajaweka saini."

Alikuwa ananihurumia. Nikaichukua karatasi. Kwenye mstari wa saa tano na dakika tatu nikapitisha kalamu mara moja tu, ili kilichokuwa kimeandikwa kisomeke, nikaandika chini yake: Haikuwekwa. Iliwekwa saa tano na dakika ishirini na mbili. Nikatia sahihi.

Saleh nilimkuta kwenye benchi la nje. Nikamwambia yote tangu mwanzo, kwa kuwa alichosikia mlangoni kilikuwa kipande. Alinisikiliza hadi mwisho akisugua vidole vyake.

"Kwa hiyo ningesaini," akasema, "na wangekitoa, na kilikuwa hakina kosa."

"Ndiyo."

"Na nisingejua kamwe."

"Usingejua."

Akanyanyuka. Akasema anakwenda kumtafutia mkewe uji. Hakunipa mkono, na sikuwa na la kumdai. Somoe mwenyewe nilimwambia kesho yake, alipopata nguvu ya kukaa. Alinitazama muda mrefu, akaniuliza kama kizazi kipo. Nikasema kipo. Akasema basi, akamgeuza mtoto ziwa la pili. Sijui kama basi ile ilikuwa msamaha au alikuwa anataka niondoke. Niliondoka.

Nilipewa barua ya kujieleza, nikajieleza. Barua ya pongezi niliibandua ukutani mwenyewe. Majibu ya maelezo yangu bado hayajaja, na kusubiri nako kunachosha, lakini miguu imeshazoea.

Jumatano iliyofuata Remmy alijifungua mara ya ishirini na saba. Nilitaka kuuacha usimamizi, Amedeus akakataa. Nikaenda stoo asubuhi, nikachukua vichupa viwili vya maji ya sindano, vile vile alivyosema Renatha Februari. Sikumwambia mtu. Remmy akalia, akafungulia choya, nikapiga kelele ya dharura, kila mtu akashika nafasi yake. Nikatundika dripu.

"Oksitosini, uniti ishirini ndani!" nikasema, nikafumba kiganja.

Nilikuwa sijavivunja. Niliviacha vizima makusudi. Sikulala vizuri usiku ule nikiwaza dakika hii, kwa sababu kama ataandika, basi hakuna nilichotengeneza, na siku nyingine atakuja Somoe mwingine, na mchovu mwingine kama mimi.

Renatha alikuwa na kalamu juu ya karatasi. Akautazama mkono wangu. Remmy akaacha kulia. Nikaona kalamu inashuka mpaka inagusa karatasi.

Kisha akaiinua. Akapiga goti kidogo, pale pale katikati ya dharura, choya ikitiririka.

"Shikamoo, mama," akasema.

Tulishasalimiana asubuhi. Nilielewa anaomba ruhusa gani.

"Marahaba."

"Fungua mkono nione."

Nikafungua.